Fishi ya Mtoto Mmoja: Seva Iulize Nini Kabla ya Kuionyesha

Mzazi wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, anafungua simu ili atazame fishi ya mtoto wake, yaani ukurasa wa taarifa zake, kwenye tovuti ya shule. Mwishoni mwa anwani anaona namba 412. Anaandika 413, na mara fishi ya mtoto wa jirani inafunguka: majina, alama, deni la ada. Hakuiba nenosiri la mtu, amebadilisha tarakimu moja tu. Kosa hili si la Lubumbashi peke yake. OWASP, shirika linalofuatilia usalama wa tovuti duniani, liliweka kasoro za ruhusa katika nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya mwaka 2021.

Ukurasa wa namna hii unaandaliwa na seva, kompyuta inayohudumia tovuti. Simu inatuma anwani, seva inasoma ile namba, inatafuta mstari mmoja katika hifadhidata, inaujaza kwenye kiolezo (umbo la ukurasa lenye nafasi za kujazwa), kisha inarudisha ukurasa uliokwisha kukamilika. Simu inabaki na kazi ndogo, ndiyo maana tunawashauri wanaotengeneza tovuti za shule watumie njia hii: wazazi wengi wana simu za bei ndogo na wananunua mega kidogo kidogo.

Lakini seva isiagizwe tu, "Leta mwanafunzi 413." Iagizwe, "Leta mwanafunzi 413 miongoni mwa watoto wa mzazi huyu aliyeingia." Asipopatikana, ijibu 404, yaani "haipatikani", jibu lilelile la namba isiyokuwepo kabisa, ili mdadisi asijue hata namba zipi zina wenyewe. Wapo wanaobadilisha namba kuwa mfuatano mrefu wa herufi usiobashirika. Ni vizuri, ila anwani hiyo ikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp, urefu wake haumlindi mtoto. Ruhusa ikaguliwe kila mara ukurasa unapoombwa.

Na usipeleke kwenye simu kitu ambacho hakitakiwi kuonekana. Maelezo ya afya ya mtoto yaliyofichwa kwa rangi au mtindo bado yamo ndani ya ukurasa, na anayejua kufungua msimbo wake atayasoma.

Kuhusu data zenyewe, programu nyingi zilizotengenezwa ng'ambo zina visanduku viwili vya jina. Sisi Wakongo tuna jina, post-nom (jina la pili linalofuata la kwanza) na jina la ubatizo. Ukikata moja, watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuonekana kama mtu mmoja. Kiasi cha ada kiandikwe pamoja na faranga au dola, kwa kuwa hapa zote mbili zinatumika. Tarehe 03/04 iandikwe 3 Aprili, isije ikasomwa kama 4 Machi. Alama ambayo mwalimu hajaiweka isionyeshwe kama 0: andika "bado haijawekwa", maana mtoto anaweza kuadhibiwa nyumbani kwa sifuri ambayo hakuipata.

Maneno yaliyoandikwa na watu, kama maoni ya mwalimu, yapitie usafishaji wa kiolezo: alama < igeuzwe kuwa < ili kivinjari kiionyeshe kama maandishi, kisiichukue kama amri. Violezo vingi vya leo vinafanya hivyo vyenyewe. Usizime kinga hiyo.

Kabla ya kuwafungulia wazazi tovuti, tengeneza akaunti mbili za majaribio, kila moja na mtoto wake. Ingia kwa akaunti ya pili, bandika anwani ya mtoto wa akaunti ya kwanza, uone seva inajibu nini.