Tamthilia haimezwi kama kidonge

Ni dhana ya miaka mingi: binti akitazama tamthilia za Kituruki, mila zinamtoka. Lakini mwaka 1973 Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika aliyefundisha Birmingham, Uingereza, alionyesha kwamba mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe ulivyo, kuukubali nusunusu au kuupinga.

Ingia saluni pale Mwanjelwa, Mbeya, tamthilia ikiwa hewani. Mama mkwe wa kwenye runinga akimnyanyasa mkaza mwana, mmoja anamzomea, mwingine anamtetea, wa tatu anasema kwao Rungwe mambo haya huamuliwa na wazee.

Athari ipo, sikatai. Wenye matangazo hawatoi fedha bure. Lakini hata kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu mitaani, anayetafsiri filamu huchomeka utani wake, na mara nyingi ndio unaochekwa zaidi.