Kabla hujampeleka mtoto Dar kuigiza

Shule zikifungwa mwezi Juni, wazazi huanza kuja. Wanapanda ngazi za ukumbi tunaoazima pale Mwanjelwa, mtoto amevalishwa sweta juu ya gauni la sikukuu, na kabla sijawakaribisha kiti mama anasema, "Mwalimu, huyu ana kipaji. Hebu msikilize." Mtoto anasogea katikati, anavuta pumzi, anapaza sauti mpaka vioo vinaitikia: mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi wetu! Mikono inapanda na kushuka vilevile alivyofundishwa siku ya mahafali.

Nimefundisha watoto kuigiza hapa Mbeya kwa miaka 14. Huwa namsikiliza mtoto huyo mpaka mwisho na kumpigia makofi, maana ametumia ujasiri wake wote. Ila ninachokitafuta hakimo kwenye ngonjera. Ngonjera ni ya uwanjani, imfikie mgeni rasmi aliyekaa mbali chini ya turubai. Kamera inakaa hatua mbili kutoka usoni. Mtoto aliyezoea kupaza sauti na kupunga mikono, kwenye skrini anaonekana anadanganya, hata kama kila neno amelikariri sawasawa.

Kwa hiyo tunacheza. Juni iliyopita nilimpa binti mmoja wa miaka 8 ungo wa maharage achambue, nikamnong'oneza mwenzake aende akamwambie kuku wake ameuzwa. Mwenzake akaenda: "Mama amemuuza yule kuku wako mweupe." Binti hakulia wala hakushika kifua. Mikono ilisimama juu ya ungo. Akaokota punje moja nzuri, akaiweka kwenye zile mbovu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na vifaranga?"

Hakuna aliyemwambia aulize. Alimsikia mwenzake, akamwona kuku, akawaona vifaranga wamebaki peke yao. Huyo tayari anaigiza. Kuigiza huanzia sikioni, na mzazi anaweza kulilea sikio hilo nyumbani bila kumlipa mtu yeyote.

Mtoto akirudi dukani, muulize mwenye duka amesema nini, na amesemaje. Mwenye kipaji atakuletea mwenye duka mzima mzima, na kikohozi chake, na namna anavyohesabu chenji. Jioni mpe zamu ya kusoma kwa sauti wakati wewe unapika. Kanisani akipewa nafasi kwenye igizo la Krismasi, hata ya mchungaji wa kondoo asiye na neno la kusema, mwache aende. Kukaa jukwaani bila neno, huku unaamini kondoo wako hapo mbele, ni kazi ngumu kuliko kughani. Shuleni kuna ngoma na kwaya, na yapo mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA. Hayo yote yanamfundisha kusubiri zamu yake na kumtazama mwenzake. Aliye chini ya miaka 6 mimi simfundishi kabisa, namwacha acheze.

Lafudhi yake usiihangaikie. Watu wa pwani wanawacheka watoto wetu wakichanganya r na l, na wapo wazazi wanaowachapa kwa hilo. Mtoto anayeogopa ulimi wake mwenyewe hawezi kuigiza. Matamshi yatanyooka kwa kusoma, woga hautoki kirahisi.

Jambo lingine ni kujua nani anayetaka. Jumamosi ya pili huwa nawaomba wazazi washuke chini kwa mama ntilie wakanywe chai. Wakishaondoka, nawauliza watoto wakiwa wote pamoja kwa nini wamekuja. Kuna anayesema anapenda kuwa mtu mwingine. Kuna anayesema, "Mimi napenda mpira, mwalimu, ila mama amesema nitajenga nyumba." Huyu wa pili namrudisha kwa mama yake kwa heshima zote, na namweleza mama ukweli.

Sasa tuje kwenye video na picha, maana ndivyo vinavyoombwa siku hizi. Simu yako inatosha. Iegemeze kwenye ndoo iliyogeuzwa iwe usawa wa macho ya mtoto, uilaze upande, na mtoto aelekee dirisha ili mwanga umpige usoni. Ukuta wa nyuma uwe mtupu. Kwetu huku kuanzia Novemba mpaka Aprili rekodi asubuhi, kwa sababu mvua ikianza kupiga bati hakuna neno litakalosikika. Aseme jina lake la kwanza na umri, kisha akusimulie kitu kilichomtokea. Jina la shule asitaje, na asivae sare, kwa sababu nembo ya sare inamwambia kila mtu mtoto anapatikana wapi saa nane mchana.

Picha za mitindo ni mbili tu: ya uso na ya mwili mzima, nguo za kawaida, bila poda, bila rangi ya mdomo, bila nywele za bandia. Watu wanaotafuta mtoto wa tangazo la maziwa au la sare za shule wanamtaka mtoto anayefanana na mtoto. Anayeomba picha za mtoto akiwa nusu uchi, au anayekataa mzazi awepo chumbani, mkatalie hapohapo na uripoti. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Na mwenye duka akimpiga mtoto wako picha na nguo zake mpya, muandikishane: zitatumika wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kuanzia. Picha iliyokwisha kusambaa WhatsApp hairudi.

Hela. Mtoto aliyechaguliwa hulipwa, halipi. Mama mmoja kutoka Mbalizi aliombwa shilingi 30,000 ya fomu, akatuma. Ikaja 50,000 ya "namba ya msanii", akatuma. Ilipokuja ya tatu akanipigia, na ile namba ya simu ilikuwa imeshazimwa. Mtu akikwambia anatengeneza filamu, muulize kibali cha Bodi ya Filamu. Bodi hiyo inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mwenye kazi halali hachukii kuulizwa. Ukibaki na wasiwasi, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Yupo, na hiyo ndiyo kazi yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nimeibandika ukutani pale ukumbini, zile sehemu zinazotuhusu. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. Ni marufuku kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sheria hiyohiyo inampa haki ya kushiriki michezo na shughuli za sanaa. Ndiyo maana kwa walio chini ya miaka 14 msimamo wangu ni huu: anashiriki na anajifunza, siku inakuwa fupi, shule haiguswi, na mzazi au mlezi wake yupo pale akimwona kwa macho.

Niliibandika baada ya usiku mmoja ambao bado unaniuma.

Kundi la watengeneza filamu lilikuja kupiga picha kwenye nyumba moja maeneo ya Uyole. Walihitaji mtoto wa kiume, nikawapelekea mwanafunzi wangu wa miaka 9, nikiwa na furaha kwamba hatimaye kazi imetufuata mpaka Mbeya. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kutoa mvuke mdomoni. Waliahidi kumaliza saa kumi jioni. Saa nne usiku mtoto alikuwa bado amekaa juu ya kasha la taa anasinzia, na onesho lake la kulia lilikuwa bado. Walipomwamsha hakuweza kulia. Wakarudia, wakarudia tena. Mwongozaji akachuchumaa mbele yake, akamwambia taratibu, "Mwanangu, mama yako amepata ajali njia panda. Wamempeleka hospitali."

Mama yake alikuwa jikoni upande wa pili wa nyumba, anawachemshia chai.

Mtoto alilia, kamera ikachukua, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sweta lake mkononi, na nilinyamaza. Niliogopa kuonekana mshamba anayeharibu kazi za watu. Kwa wiki kadhaa mtoto yule hakukubali mama yake aende sokoni bila yeye. Nilikwenda kwao nikawaomba msamaha, yeye na wazazi wake, na tangu hapo nilichoshindwa kusema usiku ule nakisema kabla mtoto hajatoka nyumbani.

Mtoto hadanganywi ili alie. Haina haja hata kwa upande wa kazi yenyewe, kwa sababu kinachomliza mtazamaji ni kumwona mtoto anajizuia asilie: anameza mate, anatazama pembeni, anafunga kifungo cha shati kilichokwisha kufungwa. Hayo yanafundishika kwa pumzi na mikono, na mtoto akimaliza anakwenda kula. Chozi lenyewe likitakiwa lionekane, mpambaji anaweka tone la gliserini chini ya jicho.

Pia kila mtoto wangu ana neno la kusimamisha. Sisi tunatumia "parachichi". Akilitamka, kila kitu kinasimama, na mtu mzima haulizi kwa nini mpaka mtoto amekaa na kunywa maji. Tunalifanyia mazoezi kila Jumamosi, maana mtoto wa kwetu amelelewa kumtii mkubwa, na kumwambia mkubwa "basi" kunamhitaji mazoezi kuliko kukariri maneno ya igizo. Mzazi naye analisikia neno hilo mbele ya mwongozaji kabla kazi haijaanza. Mwongozaji asiyelikubali, hatumpi mtoto.

Malipo yakija, yawe ya mtoto. Marekani walijifunza kwa uchungu. Jackie Coogan aliigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921 akiwa mdogo, akaingiza fedha nyingi mno, na alipokuwa mtu mzima akakuta zimetumika. Aliwashtaki mama yake na baba yake wa kambo mwaka 1938. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria inayoitwa kwa jina lake, na siku hizi mwajiri anatenga asilimia 15 kwenye akaunti ambayo mtoto anaikuta anapotimiza miaka 18. Hapa kwetu usingoje kulazimishwa. Fungua akaunti ya mtoto benki, au jiunge na Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, na kila posho toa nauli na chakula vya siku ile, iliyobaki weka, kisha mwoneshe mtoto risiti. Anajua kusoma.

Na Dar? Ikiwa usaili ni wa kweli, mwenyeji umemhakiki na nauli hamjakopa, nendeni. Ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo fikeni siku moja kabla, mlale kwa ndugu, mtoto anywe uji asubuhi kama kawaida. Mwambie mapema, kabla basi halijaondoka, kwamba watachukua mtoto mmoja kati ya wengi, na kwamba mtarudi nyumbani siku ileile mliyopanga.

Kijana wangu mmoja alikwenda Desemba, hakuchaguliwa. Jumamosi iliyofuata alikuja ukumbini, hakutaja usaili. Alisimama, akainamisha kichwa, akaning'iniza mkono mmoja mbele, akatembea polepole kuvuka sakafu. Ni tembo aliyemwona Mikumi kupitia dirisha la basi. Alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, na watoto wote wakanyamaza wakisubiri aufikie ukuta.