Kiwanja cha majani na nyumba ya jirani: kodi inasukuma nini Tabora?

Dalali akikupeleka kuona kiwanja Ipuli, hatakusifia udongo. Atakuonyesha nguzo ya umeme, bomba la maji na barabara, kisha atanyoosha mkono kuelekea inakojengwa reli ya kisasa. Dalali huyo anajua kazi yake. Vyote alivyovitaja viko nje ya bikoni za kiwanja, yaani mawe ya mipaka, na muuzaji hakulipia hata kimoja.

Sisi wathamini tunaanzia hapo hapo. Zamani ardhi tupu ilihesabiwa haina bei. Ulichouza ni maendelezo, yaani nyumba, kisima au miembe. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ndizo zilizotambua kwamba hata maslahi katika ardhi tupu yana thamani. Ardhi imebaki mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Wewe unapewa haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa kwenye hati, miaka 33, 66 au 99.

Chukueni maji. Kwa miaka mingi mji huu ulitegemea bwawa la Igombe, na kila mwenye kumbukumbu za foleni za ndoo wakati wa kiangazi anajua maana yake. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika, kiwanja kilicho karibu na bomba kilipata kitu ambacho mwenyewe hakukitolea jasho.

Sasa tuje kwenye kodi, kwa sababu huku ndiko kwenye utata. Tuseme kuna viwanja viwili vinavyopakana, ukubwa sawa, barabara moja. Cha kwanza kina nyumba ya kawaida. Mwenye nyumba akinunua umeme wa LUKU, mwanzoni mwa mwezi anakatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo. Angekuwa na ghorofa ingekuwa 7,500 kwa kila ghorofa. Cha pili kina majani na mbuzi wa watu. Hakina jengo wala mita, hivyo hakikatwi kitu. Mwenyewe anadaiwa kodi ya pango la ardhi tu, ambayo hata yule aliyejenga analipa pia.

Yaani aliyenunua saruji ameongezewa kodi, na aliyekaa kusubiri bei ipande amesamehewa. Tena ile 1,500 haijui mahali: nyumba ya pembezoni na nyumba iliyo karibu na stesheni zinakatwa sawa. Ni rahisi kukusanya, hilo silikatai, na fedha ni kidogo kiasi kwamba hakuna anayeacha kujenga kwa sababu yake. Lakini mimi naona uzito ungehamia kwenye pango la ardhi, linalopangwa kwa eneo, ukubwa na matumizi. Ukitoza tofali zaidi, watu watafyatua machache. Ukitoza ardhi, haipungui hata unyayo mmoja. Anayeikalia bure ndiye anayeanza kufikiria kuuza au kujenga.

Masharti ya hati tunayo, kwa kawaida miezi 36 uwe umeendeleza. Mapori na mapagala mnayoyaona mitaani yanaonyesha masharti hayo yanavyosimamiwa.

Wapangaji nao wana lao. Deni la kodi ya jengo ni la mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme. Likubalianeni mapema, liondolewe kwenye pango la nyumba.

Anayeuza hukutana na kodi nyingine: asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Mfano, ulinunua kiwanja kwa milioni 4, ukaweka msingi na uzio wa milioni 6, ukauza kwa milioni 12. Faida ni milioni 2, kodi ni 200,000. Kama huna kumbukumbu za gharama, unatozwa asilimia 3 ya bei yote, yaani 360,000. Kwa hiyo risiti za nondo zitunzwe pamoja na hati. Wengi hukwepa yote haya kwa kuandikiana karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na hati inabaki kwa jina la mmiliki wa zamani, hata akiwa marehemu. Kiwanja cha namna hiyo benki haikigusi, na bei yake hushuka.

Na hao wanaokimbilia kununua kila kichaka kwa jina la reli, waikumbuke Ujiji. Ilikuwa mji mkubwa wa biashara wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1914 reli kutoka Tabora ikaishia Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapo, na biashara ikahamia kwenye stesheni na bandari. Reli hupandisha bei pale treni inaposimama. Kwingine inapita tu.

Kabla hujampa dalali chochote, chukua namba ya kiwanja na kitalu uje ofisi ya ardhi. Tutaangalia kama kuna malimbikizo ya pango, maana deni hilo hufuata kiwanja na ni haki yako kulikata kwenye bei. Tutapima pia umbali hadi barabara kuu. Hifadhi yake, yaani eneo la barabara lisilojengwa, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na dalali huzipima kwa hatua zake mwenyewe, ambazo siku ya mauzo huwa fupi.