Sarafu za kale kwa posta hadi Lubumbashi: ya kukubaliana na muuzaji mapema

Anayetafuta faranga 5 za Katanga za 1961, zile zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili, huenda akazipata kwa muuzaji wa Ubelgiji kabla ya kuziona hapa Lubumbashi. Kulipa ni kazi ndogo. Mengi huamuliwa kabla muuzaji hajafika posta.

Kwanza anwani. Kongo ziko mbili, na bahasha iliyoandikwa "Congo" tu yaweza kuishia Brazzaville. Mstari wa mwisho uwe République Démocratique du Congo, bila kufupisha. Kwenye fomu ya kompyuta muuzaji achague msimbo wa nchi CD, si CG wa Brazzaville. Usitegemee kuletewa mlangoni: weka namba ya BP (sanduku la posta), namba ya simu, na jina lilivyo kwenye kitambulisho utakachoonyesha dirishani.

Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinakataza kutia sarafu, dhahabu au fedha katika barua isiyo na bima. Rejista, ndani ya bahasha iliyofungwa, inakubalika pale tu sheria za nchi zote mbili zinaporuhusu. Kwa hiyo muuzaji aulize posta ya kwao inapokea nini kwenda CD. Kampuni za usafirishaji wa haraka si njia ya mkato: nyingi hazibebi pesa, na mtu wa kaunta hatajua kwamba faranga yako ilishaacha kutumika.

Muuzaji akikupa namba ya kufuatilia mzigo, isome. Ina herufi mbili, tarakimu 9, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. Herufi ya kwanza R ni rejista, V ni bima, C ni kolisi (kifurushi), E ni EMS, posta ya haraka. U haina saini wala ufuatiliaji wa maana. Kwa sarafu ya bei mimi naikataa. Tarakimu ya 9 ni ya kuhakiki: zidisha nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kutoka 11. Kwa 47312482 jumla ni 200, baki 2, jibu 9. (Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5.) Isipolingana, namba imekosewa au imetungwa.

Karatasi ya dwani (forodha) ni CN22, au CN23 thamani ikizidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF). Kuna wanaoomba iandikwe "zawadi, dola 5". Ni akiba ya kijinga: bima hailipi zaidi ya thamani iliyotajwa, na dwani wakifungua wakaona sarafu za madini ya fedha, mazungumzo yanabadilika. Iandikwe "pièces de collection" (vitu vya mkusanyiko), mwaka, madini, idadi na bei, pamoja na namba ya ushuru 9705, ya vitu vya wakusanyaji. Sarafu za kawaida ziko 7118. Nakala moja ya fakitire (ankara) ikae ndani, nyingine nje.

Sarafu zinazolialia ndani ya bahasha zinamwita mwizi. Kila moja ikae kwenye kadi yake, kadi zibanwe kwa skochi (utepe wa gundi) kati ya karatoni mbili ngumu. Vifuko laini vya plastiki ya PVC hapana: joto likizidi vinatoa utando wa kijani unaokula shaba. Ukiukuta, tumia asetoni safi, si dawa ya kufutia rangi ya kucha, na usisugue.

Dirishani, kabla ya kusaini, kagua skochi na upime uzito dhidi ya ule wa lebo. Ukipungua, omba iandikwe procès-verbal (taarifa rasmi) papo hapo. Madai hufunguliwa na mtumaji kwenye posta yake, ndani ya miezi 6 tangu siku iliyofuata kutuma. Usimwache muuzaji akuzungushe hadi muda uishe.

Nyumbani, mizani ndogo ya sonara inatosha. Faranga 5 za Léopold II, za fedha, ni gramu 25 na kipenyo cha milimita 37. Faranga 50 za 1944, zenye tembo, ni gramu 17.5. Yoyote kati ya hizo ikinasa kwenye sumaku ni bandia.