Je, wajua gitaa moja na besi moja vilitoshaje kubeba wimbo mzima?

Mwaka 1955 mwimbaji Julie London wa Marekani alirekodi "Cry Me a River". Humo hamna ngoma, piano wala tarumbeta. Nyuma ya sauti yake wapo wawili tu: Barney Kessel kwenye gitaa na Ray Leatherwood kwenye besi. Hata hivyo wimbo umejaa tele.

Kessel, mzaliwa wa Muskogee, Oklahoma, mwaka 1923, alikuwa mpigaji jazi hasa, aliyepitia kundi la watatu la mpiga piano Oscar Peterson. Mkate wake, lakini, ulitoka pia studio, akikodiwa kupigia wengine. Mwaka 1966 alishiriki hata albamu ya Pet Sounds ya kundi la Beach Boys.

Msingi wa kazi ya gitaa na besi ni kujua cha kuacha. Kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja, zikijengwa juu ya noti mama. Besi ikishapiga noti mama, gitaa lisiirudie. Kinachotambulisha kodi ni noti ya tatu ukihesabu kutoka noti mama, inayoipa furaha (meja) au huzuni (maina), na ya saba, inayoivuta kuelekea kodi ijayo. Shika gitaa, tumia nyuzi mbili tu, wa nne na wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba. Kodi ya A maina saba: zote freti (kichuma cha shingoni) ya 5. D saba: wa nne urudi freti ya 4, wa tatu ubaki. G meja saba: wa nne ubaki, wa tatu nao urudi ya 4. Kila badiliko ni uzi mmoja, freti moja! Mwenye besi apige A, D, G chini yako, usikie. Nyuzi mbili nyembamba zimebaki huru kumjibu mwimbaji anapovuta pumzi.

Ugogoni hili si geni: mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose alibeba nyimbo kwa sauti na zeze au ilimba (ala ya vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) tu.

Anayepiga hivi kwenye hoteli za Dodoma hukwama zaidi pale alipozoea ridhimu ya dansi, akakwangua nyuzi zote sita. Uzi wa sita hugongana na besi, sauti huvuma kama pipa, mwimbaji huanza kupiga kelele. Acha wa sita na wa tano, kisha punguza sauti nzito kwenye amplifaya ya gitaa.

La pili ni kutuni (kulinganisha sauti za nyuzi), maana mkiwa wawili kosa halina pa kujificha. Kiangazi cha Dodoma, Juni hadi Oktoba, hukausha mbao: ncha za freti hutokeza pembeni mwa shingo, na nyuzi za gitaa la boksi hushuka zikagusa freti. Weka sponji bichi iliyokamuliwa kwenye kisanduku cha sabuni chenye matundu, ukiache ndani ya kasha la gitaa lililofungwa, na uilowanishe tena ikikauka. Usiku wa Julai, mkipiga uwanjani, baridi hukaza nyuzi za chuma na noti hupanda. Usitunie chumbani, litoe gitaa nje robo saa nzima, ndipo utuni pamoja na besi.