Kisu cha kazi ngumu: kabla hujakinunua, jiulize kitavunjikia wapi

Visu vingi vinavyoletwa kwenye meza yangu vikiwa vipande viwili vimekatika mahali palepale: pale ubapa unapoishia na mpini unapoanzia. Mwenyewe huvitoa vikiwa vimeviringishwa kwenye kitambaa, akauliza kama naweza kuviunga. Haviungiki. Nikivilehemu, joto litalegeza chuma palepale panapobeba mzigo mkubwa kuliko pengine pote, na kisu kitakatika tena, safari hii labda kikiwa kimeelekea kwenye paja la mtu.

Kabla sijavirudisha huomba ruhusa nivitazame. Kimoja sikisahau. Kilikuwa kizito, cheusi, unene wa milimita sita, kina meno ya msumeno mgongoni. Ukikiona ungedhani kingevunja jabali. Nilikisogeza kwenye taa nikatazama uso wa chuma pale kilipokatika. Pembeni palikuwa na kipande cha kahawia, kutu ya siku nyingi. Sehemu iliyobaki ilimetameta kwa chembe kubwakubwa kama chumvi ya mawe. Ile kahawia ilikuwa ufa wa zamani: ulianzia kwenye kona kali ya ndani, ukajificha chini ya mpini, unyevu ukauingia, na mwenye kisu akaendelea kukitumia bila habari. Zile chembe ni alama ya chuma kilichopashwa moto kupita kiasi kabla ya kuzamishwa kwenye mafuta. Chuma kilichotiwa ugumu vizuri kikivunjika, uso wake huwa wa kijivu na laini kama mahameli, chembe huzioni.

Nafua visu, navirekebisha na kuvinoa, na miaka yote hii imenifikisha kwenye swali moja ninalotaka kila mnunuzi mwenye fedha za kuhesabu ajiulize: kisu hiki kitaharibika vipi? Kukata si kipimo, maana kisu chochote kipya kinakata. Kisu cha kazi ngumu kinatakiwa kipinde kabla ya kuvunjika, na makali yake yakunjike kidogo kabla ya kumeguka. Ubapa uliopinda unanyooshwa, makali yaliyokunjika yananyooka kwenye kinoo kwa dakika kumi. Kilichovunjika kimekwisha.

Nikisema kazi ngumu nina maana ya kuchanja kuni kwa kuugonga mgongo wa kisu kwa gongo, kukata matawi, kuchonga vigingi, kukata kamba nene, kuchuna mnyama mkubwa, na mara mojamoja kubandua kitu ambacho kwa haki kingebanduliwa kwa mtaimbo.

Tuanze na chuma chenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Ugumu na ustahimilivu ni mambo mawili, na mara nyingi ukiongeza kimoja unapunguza kingine. Kioo ni kigumu sana, lakini kidondoshe sakafuni. Kisu kikizamishwa kwenye mafuta kikiwa chekundu hutoka kigumu kama kioo, na ukikiangusha wakati huo kinaweza kupasuka. Ndiyo maana mhunzi hukirudisha kwenye moto mdogo, nyuzi joto kati ya 200 na 250 hivi kwa chuma cha kawaida cha kaboni, ili akipunguzie ugumu kidogo na kukipa uvumilivu wa kupigwa. Ugumu huo hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Kwa kisu cha kugongwa mimi hutafuta kilicho kati ya 55 na 58. Kisu cha jikoni chembamba kinaweza kufika 60 na zaidi kikafaa vizuri, maana hakuna anayekigonga kwa gongo.

Kwa anayetaka bei nafuu, vyuma vya kaboni vya kawaida ndivyo rafiki wa kweli. Vina nambari kama 1075 na 1095, na zile tarakimu mbili za mwisho zinaeleza kaboni iliyomo: karibu asilimia 0.75 na asilimia 0.95. Kaboni ikizidi, makali hudumu zaidi. Ikipungua, kisu huvumilia kipigo zaidi. Kuna pia 5160, chuma cha springi za magari, chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6 na kidogo cha kromiamu, metali ambayo ikiwa nyingi huzuia kutu. Fikiria springi inavyopindishwa na kurudi mara maelfu chini ya mzigo, utaelewa kwa nini wahunzi wengi hukipenda kwa mapanga na visu vikubwa. Ubaya wa vyuma hivi ni mmoja, kutu. Vinataka kufutwa na kupakwa mafuta kidogo kila baada ya kazi.

Ukiwa mtu wa majini, au unajijua ni msahaulifu, chukua chuma kisichoshika kutu upesi, lakini kiwe cha aina rahisi kama 12C27 au 420HC. Hivi vina kromiamu ya asilimia 13 hivi, havigharimu sana, na vikipikwa vizuri, yaani vikitiwa ugumu kisha vikarudishwa kwenye moto mdogo ipasavyo, vinastahimili mengi. Ninachokwepa kwa kazi ya kugonga ni chuma kama D2, chenye kaboni ya karibu asilimia 1.5. Kinashika makali kwa muda mrefu mno na kwa kukata maboksi siku nzima sina neno nacho. Lakini ndani yake mna chembe kubwa ngumu, na kikigongwa kwenye fundo la mti makali yake humeguka vipande unavyoweza kuvihisi kwa ukucha.

Jina la chuma hata hivyo halikwambii kilipikwaje. Kile kisu cheusi cha milimita sita kilikuwa kimeandikwa jina la chuma kizuri ubavuni. Kwa hiyo pale unapoweza, nunua kwa mtengenezaji anayetaja aina ya chuma na ugumu wake, na ambaye visu vyake vimekuwa mikononi mwa watu kwa miaka. Ukikuta kisu kinatangazwa kuwa cha chuma cha upasuaji, au kisichoshika kutu basi bila maelezo zaidi, kiache. Maneno hayo hayataji chuma chochote. Vivyo hivyo na visu vya bei ya kutupa vyenye mawimbi ya urembo kwenye ubapa. Mawimbi hayakwambii ni vyuma gani vilivyochanganywa wala kama vilishikana vizuri ndani.

Turudi pale panapokatika. Chuma cha ubapa huendelea ndani ya mpini kama mkia. Kuna mkia mpana unaofuata umbo lote la mpini, ukauona pembeni kati ya vipande viwili vya mbao au plastiki vilivyopigwa ribiti. Na kuna mkia mwembamba uliofichwa ndani. Ushauri unaozunguka ni kwamba usinunue kamwe wa pili. Mimi naona ushauri huo umekazwa kupita kiasi. Kisu cha Ka-Bar kilichoidhinishwa kwa askari wa Marine wa Marekani mwaka 1942 kina mkia mwembamba uliovishwa vipande vya ngozi vya duara, na kimefanya kazi ngumu kuliko nyingi tutakazofanya wewe na mimi. Nimeona pia mikia mipana iliyotobolewa matundu makubwa kupunguza uzito, mengine yakikaribia ukingo kiasi kwamba kilichobaki kubeba kisu ni utepe.

Cha kutazama kwanza ni kona. Pale ubapa unapopungua kuwa mkia, je, chuma kimekatwa kwa pembe kali ya nyuzi 90, au kimezungushwa taratibu? Nguvu zote za kupinda hukusanyika kwenye pembe kali, kama unavyochanja kidogo ukingo wa kitambaa kisha ukakivuta kikachanika chote. Mzungusho mdogo tu, hata wa milimita mbili, husambaza nguvu hizo. Mkia ukiwa umefichwa huwezi kuiona kona yenyewe, lakini visu vinavyouzwa sana huwa kuna mtu aliyekwisha kukifumua kimoja akakipiga picha. Itafute picha hiyo kabla hujalipa. Ukiikosa na ukajua utagonga kweli, hapo chukua mkia mpana.

Unene sasa. Watu huamini kinene ndicho kigumu kuvunjika, na hesabu inawaunga mkono nusu. Ukizidisha unene wa ubapa mara mbili, ukinzani wake wa kupinda huongezeka mara nane. Kutoka milimita mbili kwenda nne ni faida kubwa sana. Lakini kutoka nne kwenda sita unanunua uimara ambao mkono wa binadamu hauufikii, na unaulipia kwa kisu kisichokata. Ubapa wa milimita sita ukiingia kwenye mti unasukuma pembeni kama kabari, unalazimika kutumia nguvu, na mkono unaotumia nguvu nyingi ndio unaoteleza. Majeraha mengi niliyosikia yakisimuliwa hapa mezani yalitokana na kulazimisha. Milimita tatu hadi nne na nusu, na ubapa wa sentimita 10 hadi 13, unatosha kwa karibu kila kitu. Kwa gogo kubwa kuliko hapo chukua shoka au panga.

Mfano ninaoupenda kuutoa ni visu vya Mora vya Uswidi. Aina yao iitwayo Companion, ile ya kawaida, ina ubapa wa milimita 2.5 na mpini wa plastiki usiovutia jicho, na mkia wake hauendi hadi mwisho wa mpini. Ni miongoni mwa visu vya bei nafuu kabisa vinavyoaminika, na chuma chake kimepikwa sawasawa. Kwa kuchonga na kukata sijui kinachokizidi kwa fedha hiyo. Kwa kuchanja kuni za fundo namwambia mtu aongeze kidogo achukue ile yenye ubapa wa milimita 3.2, au aina yao nyingine, Garberg, yenye mkia wa urefu wote wa mpini. Kilichopunguzwa kwenye visu hivi ni urembo, na hiyo ndiyo aina ya unafuu ninayoitaka: mgongo haujapigwa msasa ukang'aa, mpini ni plastiki tupu, hakuna sanduku la zawadi. Kisu kilichotumia fedha kwenye rangi na meno ya msumeno kimezitoa mahali fulani, na mara nyingi kimezitoa kwenye tanuri.

Mteremko wa makali wa visu hivyo ni mmoja tu, mpana na bapa. Unaulaza wote juu ya kinoo na pembe inajipata yenyewe, hata kwa mtu ambaye hajawahi kunoa. Una udhaifu wake: makali huwa membamba, na ukichonga mifupa au mti mkavu sana yanaweza kukunjika. Dawa ni kuinua mgongo wa kisu kidogo kwenye kinoo na kupitisha mara chache kila upande, ukaacha ukingo mdogo mnene pale mwisho kabisa, nyuzi 20 hadi 25 kila upande.

Kuhusu mpini, kata mti nao kwa nusu saa kama unaweza kuazima cha mwenzio. Mashimo ya vidole yaliyochongwa kwenye mpini hukaa vizuri kwa vidole vya aliyeyapima. Vyako vitapata malengelenge. Umbo la yai, lisilo na pembe, ndilo linalodumu mkononi. Na ala: igeuze juu chini uitikise. Kisu kikidondoka, hicho si ala. Ya ngozi ni nzuri kutembea nayo lakini usihifadhi kisu cha kaboni ndani yake, hunyonya unyevu na kukirudishia.

Kisu kikishafika mikononi mwako, kuna jaribio moja ninalolifanya kwa kila kimoja. Chukua ufito wa shaba ya manjano wenye unene wa penseli, uubane mezani chini ya mwanga mzuri. Laza makali juu yake kwa pembe ndogo, karibu na ile unayonolea, kisha bonyeza kwa kiasi huku ukitazama ule mstari mwembamba wa makali. Utaona chuma kikiinuka kidogo kama ngozi juu ya mfupa, kikifuata mviringo wa ufito. Sogeza kisu mbele. Kama kivimbe kinatembea na makali nyuma yake yananyooka tena, chuma kimepikwa ipasavyo. Kikibaki kimekunjika, ni laini mno. Kikimeguka, ni kigumu mno.

Lakini usikihukumu kwa jaribio la kwanza. Kiwandani makali hunolewa kwa mikanda ya msasa inayokwenda kasi, na ule ukingo mwembamba kama karatasi huungua kabla ubapa haujapata hata joto la kuusikia mkononi. Kwa hiyo kisu kipya kinaweza kumeguka au kukunjika ilhali chuma kilicho nusu milimita nyuma yake ni kizima kabisa. Kinoe kwa mkono kwenye kinoo chenye maji, mara mbili au tatu ndani ya wiki za kwanza, mpaka uwe umekula ule ukingo wa kiwandani, kisha rudia kwenye shaba. Kikikataa tena, kirudishe ulikokinunua.