Potifolio ya mbunifu wa tovuti: ni nini, na mwanafunzi aijengeje

Neno potifolio asili yake ni Kiitaliano, portafoglio, lililotokana na kubeba na karatasi. Ulikuwa mkoba bapa ambao mchoraji alitia michoro yake akaizungusha kwa wateja. Kiswahili nacho kina mkoba wake: tukisema fulani amerithi mikoba ya mwalimu wake, hatuzungumzii begi, tunazungumzia kazi na ujuzi uliomo. Kwa mwanafunzi wa ubunifu wa tovuti, potifolio ni tovuti ndogo inayoonyesha kazi chache alizozichagua mwenyewe, kila moja na maelezo yanayomtosha mtu asiyemjua kuamua ampe kazi au aendelee kutafuta.

Wengi huichanganya na CV. CV hudai kwamba umesoma hiki na unakijua kile. Potifolio inamwachia msomaji aone mwenyewe. Mchonga vinyago wa Mtwara hakuonyeshi cheti. Anakupa kinyago mkononi ukigeuze, uone kama ni mpingo wenyewe au mti mwingine uliosuguliwa rangi ya viatu. Anayefungua tovuti yako anafanya vivyo hivyo, na kitu cha kwanza anachokigeuza ni tovuti yenyewe, kabla hajafika kwenye kazi ulizozipanga ndani. Ikichelewa kufunguka, au maandishi yakitoka nje ya skrini, ameshapata jibu.

Tufikirie matumizi yake ya kawaida. Mwanafunzi aliyeko Mtwara au Lindi anatafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo hawezi kupita ofisi kwa ofisi akibisha hodi. Anatuma linki kwa WhatsApp. Anayeipokea huenda yuko kwenye foleni, kwenye daladala, simu mkononi, bando lake mwenyewe. Karibu kila uamuzi wa kiufundi hapa chini unatokana na picha hiyo.

Kinachoonekana kwanza

Kabla msomaji hajasogeza kidole, skrini imwambie mambo manne: jina lako, unachofanya, ulipo, na pa kubonyeza ili akupate. Mfano: “Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mtwara. Natengeneza tovuti nyepesi za biashara ndogo zinazofunguka vizuri kwenye simu.” Hayo yanatosha. “Karibu kwenye tovuti yangu” haina habari ndani yake, na inakalia mahali pa thamani kuliko pote.

Kuna pambo moja ambalo templeti nyingi, yaani kurasa zilizotengenezwa tayari, huja nalo na linafaa kufutwa siku hiyo hiyo: vile vibao vya asilimia, HTML 90% (lugha ya kuandikia ukurasa), CSS 85% (lugha ya kupanga mwonekano wake). Asilimia 90 ya nini? Imepimwa na nani? Anayejua kazi huziona akatabasamu, asiyejua hazimsaidii. Weka orodha fupi ya vitu unavyovitumia kweli, kisha kazi zako ziseme kiwango.

Kazi ngapi, na zitoke wapi

Tatu au nne zinatosha. Msomaji hukupima kwa ile dhaifu, kwa hiyo kazi ya saba iliyowekwa ili ukurasa ujae inakuvuta chini. Ile bora ikae juu kabisa, kwa kuwa wengi hawafiki mwisho.

Mwanafunzi hulalamika kwamba hana wateja. Si lazima awe nao, mradi aseme ukweli: kazi ya kujifunza iandikwe “kazi ya mazoezi”, wazi, pembeni ya jina lake. Kosa ni kubuni nembo ya kampuni inayojulikana ukaiweka kana kwamba walikutuma. Mazoezi yenye uzito hutoka kwenye mambo yanayokuzunguka, kwa sababu unayajua matatizo yake. Nyumba ya wageni ya Mikindani inahitaji ukurasa wenye bei, picha za vyumba na namna ya kufika. Fundi wa alumini anahitaji picha za madirisha aliyofunga na namba ya simu, basi. Mwalimu wa historia mjini Lindi angefurahia ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu Tendaguru, kilima ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria kati ya 1909 na 1913.

Mfano mmoja tuukae nao kidogo, kwa kuwa unaonyesha kazi ya mbunifu kuliko ukurasa wowote wa urembo: bei za korosho. Msimu wa minada ukifunguka, mkulima wa kusini anataka kujua bei ya juu na bei ya chini kwenye chama kikuu chake cha ushirika, iwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao. Mwanafunzi huchora jedwali: safu ya tarehe, safu ya tani, kisha safu mbili za bei kwa kila chama. Jumla safu kumi. Kwenye kompyuta ya maabara linapendeza. Kwenye simu ya upana wa pikseli 360, kila safu inapata pikseli 36, tarakimu zinavunjika katikati, au jedwali linasukuma ukurasa wote uende pembeni.

Dawa ni mbili. Ya haraka ni kulifunga jedwali ndani ya kisanduku chenye amri ya CSS overflow-x: auto, jedwali pekee liteleze pembeni na ukurasa utulie. Ya pili ni kuuliza kwanza mkulima anatafuta nini. Anatafuta chama chake na mnada wa mwisho. Basi ukurasa uanze na vitufe vinne vya vyama. Akibonyeza chake, aone kadi moja yenye tarehe na bei mbili kwa herufi kubwa, na minada ya nyuma ifuate chini. Ukiandika kwenye potifolio kwamba ulianza na jedwali la safu kumi, ukaona linavunjika wapi, ukahamia kwenye kadi kwa sababu hiyo, msomaji anapata kitu ambacho picha nzuri haiwezi kumpa. Anaona unavyofikiri.

Hayo ndiyo maelezo yanayotakiwa chini ya kila kazi: tatizo lilikuwa nini, uliamua nini na kwa nini, kilitokea nini. Maneno 150 hadi 250, picha tatu au nne, linki ya kuifungua. Kama mlikuwa kikundi, sema sehemu yako: “Tulikuwa wanne, mimi nilichora kurasa na kuandika CSS.” Mwajiri akiuliza kwenye usaili kuhusu hifadhidata ambayo hukuigusa, sentensi hiyo itakuwa imeshakuokoa.

Uzito

Hapa ndipo potifolio nyingi huanguka. Picha ya simu ya kawaida ina upana wa pikseli 4000 hivi na uzito wa MB 3 hadi 5. Weka nane za MB 4 na ukurasa umefika MB 32. MB moja ni megabiti 8, kwa hiyo kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde hizo ni sekunde 256, zaidi ya dakika nne, na hakuna anayesubiri dakika nne. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, uzihifadhi kwa muundo wa WebP au JPEG wa ubora wa 75 hadi 80, na nyingi zitashuka hadi KB 150 hivi. Nane zinakuwa MB 1.2, sekunde kama kumi kwa mtandao ule ule. Programu ya Squoosh hufanya kazi hiyo ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Kupunguza picha kwa CSS hakupunguzi uzito. Ukiandika width: 300px juu ya faili la MB 4, simu inapakua MB 4 zote, kisha inazionyesha ndogo. Kosa hili ni la kila siku. Andika pia width na height kwenye kila picha ili kivinjari kiitengee nafasi mapema, la sivyo maandishi yanaruka msomaji akiwa katikati ya sentensi; na zile za chini zipe loading="lazy" zisipakuliwe kabla hazijahitajika. Google huiona kasi ya ukurasa kuwa nzuri pale kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kinapotokea ndani ya sekunde 2.5. Kipimo chake, PageSpeed Insights, kitakupimia bure.

Sasa mstari wa HTML, unaokaa ndani ya head, ambao ukisahaulika kila kitu kinaonekana kama kimetazamwa kwa mbali:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Usipokuwepo, simu huchora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980 hivi, halafu inaubana wote utoshe, na herufi zinakuwa za kusomea darubini. Herufi za mwili zianzie pikseli 16. Rangi nazo zina kipimo: mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote, WCAG, unataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na templeti, kinapata 2.85 tu, #767676 ndicho kinachovuka kwa shida, na #595959 kinafika 7. Ukibisha, toka nje saa saba mchana kwenye jua la Mtwara ujaribu kukisoma kile cha kwanza.

Pa kuiweka

GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, haina malipo na inatosha. Unafungua ripo, yaani hifadhi ya mafaili, yenye jina la akaunti yako likifuatiwa na .github.io, unaweka index.html kwenye folda la juu kabisa, na tovuti inapatikana kwa anwani hiyo hiyo. Ukomo wake ni GB 1, ambao potifolio yenye picha zilizopunguzwa haitaukaribia.

Matatizo yake yanajirudia. Tovuti inafanya kazi kwenye laptopu, ikipanda mtandaoni picha hazionekani. Mara nyingi faili linaitwa Picha1.JPG na kwenye msimbo umeandika picha1.jpg: Windows haijali herufi kubwa na ndogo, seva inajali. Au njia ya faili imeanzia C:, folda ambalo lipo kwenye kompyuta yako tu. Ujizoeze majina ya herufi ndogo, bila nafasi, yenye kistari. Tatizo jingine ni la waliofundishwa PHP, lugha inayoendeshwa na seva: wanapandisha index.php, haifanyi kazi. GitHub Pages hutoa faili kama lilivyo, haiendeshi PHP wala hifadhidata ya MySQL. Kazi ya namna hiyo iweke kwa skrinishoti na video fupi, au uitafutie hosti, yaani seva ya kuwekea tovuti, inayoendesha PHP.

Kwa sababu hiyo hiyo fomu ya “Wasiliana nami” uliyoinakili kwenye templeti haitumi kitu. Mtu anajaza, anabonyeza, ujumbe unapotea, wala hujui. Kwa mazingira yetu linki ya WhatsApp ni bora: https://wa.me/ kisha namba inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mbele, bila nafasi. Ukiandika wa.me/07 na kuendelea, haifunguki. Ongeza barua pepe yako, iliyoandikwa ionekane, na isiwe ya chuo, ambayo inaweza kufungwa ukishahitimu. Akaunti ya GitHub nayo ifunguliwe kwa barua pepe binafsi.

Anwani yako mwenyewe si lazima mwanzoni. Ukitaka, chini ya .tz kuna .me.tz kwa ajili ya majina ya watu na .co.tz kwa biashara, na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa kwa ada ya kila mwaka. Jiulize kwanza kama mwakani utailipia. Anwani iliyochapishwa kwenye barua ya maombi kisha ikafa ni mbaya kuliko ile ndefu ya bure inayofunguka.

Visivyopaswa kuwemo

CV za kwetu huwa na majina ya wadhamini na namba zao za simu, wakati mwingine namba ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye karatasi inayokwenda ofisi moja hilo linaeleweka. Kwenye tovuti inayoonekana na dunia nzima, viondoe vyote na uandike kwamba wadhamini watatolewa wakihitajika. Vivyo hivyo, kama kazi yako ilikuwa mfumo wa matokeo ya shule, skrinishoti isibebe majina na alama za wanafunzi wa kweli. Weka majina ya kubuni kabla ya kupiga picha. Kuyafunika kwa ukungu baadaye wengi hukosea, jina moja hubaki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mbunifu anayeonyesha mteja kwamba anaijua anajiweka mbele.

Picha ulizookota kwenye matokeo ya Google zina wenyewe. Piga zako, au tumia zenye leseni inayoruhusu. Na ukipiga vinyago vya mtu, omba ruhusa na umtaje kwa jinsi anavyotaka kutajwa. Tena, usipandishe faili lenye nywila ya hifadhidata. Ukilifuta kesho, bado linasomeka kwenye historia ya ripo, kwa hiyo dawa ni kubadilisha nywila yenyewe.

Lugha

Chagua kwa kumtazama msomaji. Unayewalenga wenye maduka wa Masasi na Nachingwea, Kiswahili. Unayetaka nyumba za wageni zinazopokea wapiga mbizi wa Ghuba ya Mnazi, ongeza Kiingereza, lakini kwa ukurasa wake wa pili, si aya moja hivi na nyingine vile. Kwenye ukurasa wa Kiswahili andika lang="sw" kwenye tagi ya html, juu kabisa, ili kivinjari na programu za kuwasomea wasioona zijue ni lugha gani.

Kabla ya kuituma, azima simu ya bei ndogo kuliko zote nyumbani, zima Wi-Fi, uifungue kwa dirisha la faragha ili isitumie vilivyokwisha pakuliwa. Bonyeza kila linki. Kisha jitumie linki hiyo kwa WhatsApp uone inatokeaje kwenye mazungumzo: kama haina picha wala kichwa, ongeza ndani ya head tagi za meta za og:title (kichwa) na og:image (picha), na ya pili iandikwe kwa anwani kamili inayoanza na https, kwa picha ya pikseli 1200 kwa 630. WhatsApp hukumbuka mwonekano wa zamani kwa muda, kwa hiyo ukisharekebisha, ongeza ?v=2 mwishoni mwa linki ujaribu tena.